Mtihani Tulioufanya Wawili

Jumatatu, 3 Machi

Umekwisha! Karatasi ya sheria asubuhi, ya uongozi mchana. Mkono umekufa ganzi. Ukumbi mzima mainspekta wa polisi watupu, wote tunagombea vyeo vya urakibu, na wengi wetu tutarudi tulikotoka. Mume wangu, Baba Kipusa, alikaa mbele yangu, upande wa dirishani. Nilimwona shingo tu. Kila nilipoinua kichwa, shingo ile ilikuwa imelowa jasho.

Msimamizi alitutania mlangoni — mume na mke mtihani mmoja, nani atampigia mwenzake saluti nyumbani? Watu wakacheka. Yeye alicheka kuliko wote.

Kwenye gari akaniuliza swali la mateka nimelijibuje. Nikasema sikulimaliza. Uongo! Nilijaza karatasi nikaomba nyingine. Nilitaka tu tufike nyumbani salama.

Ijumaa, 14 Machi

Matokeo yamebandikwa ubaoni, makao makuu. Jina langu lipo, juu kabisa ya walioitwa kwenye usaili wa tarehe 24. Lake halipo. Nikasoma tena kutoka chini kwenda juu. Nililitafuta lake kuliko nilivyolitafuta langu.

Aliwapa watu mkono. Mke wangu huyo, si mnamwona! Akanikumbatia mbele ya wote, akanibana mpaka vifungo vya sare vikanichoma kifuani. Kisha sikioni: "Hongera, afande."

Kwenye gari alizima redio. Kwenye taa nyekundu hakusimama.

Kipusa alitukimbilia mlangoni — nani kapita, nani kapita? Baba yake akasema, mama. Mtoto akapiga makofi, akaruka ruka. Anafurahia ushindi wa mama yake, nami namwombea anyamaze!

Jumapili, 16 Machi

Baada ya chakula cha mchana alitandaza gazeti mezani, akaifungua bastola, akaanza kuisafisha. Si jambo jipya. Lakini siku zote huifanya kazi hiyo chumbani, mlango umefungwa. Leo mezani, na Kipusa anachora upande wa pili.

Nikamwambia mtoto akachoree chumbani.

"Mwache," akasema bila kuinua macho. "Anakusumbua nini?"

Kipusa akaniangalia mimi, akamwangalia yeye. Hakuondoka. Wala hakuchora tena. Penseli ikabaki imesimama mkononi.

Hajawahi kunipiga. Naliandika hili nilisome mwenyewe. Tangu tuoane, hata kofi. Sasa naogopa nini?

Mama mkwe amepiga simu. Keshaambiwa. Mwanangu, jishushe kidogo. Huo usaili waambie unaumwa, utafanya mwakani. Nikamwuliza, mama, nimekosa wapi? Akasema kwa sauti ya chini, kama kuna mtu nyuma yake — na baba mkwe alishakufa zamani! — kwamba yeye alikaa na baba mtu, anajua anachokisema. Jishushe, mwanangu. Akakata.

Jumanne, 18 Machi

Kazini. Dawati letu linapokea malalamiko ya majumbani. Leo kaja mwalimu wa chekechea, mkono kwenye bandeji. Nikamwuliza maswali yale yale ya kila siku. Kuna silaha ndani ya nyumba? Anajua ratiba yako? Amewahi kukuzuia kutoka? Konstebo anaandika, mimi nauliza. Mara nikawa siyasikii majibu ya mwalimu. Nasikia yangu. Ipo. Anaijua. Bado.

"Afande, vipi? Nikuletee maji?" — Konstebo.

Nikasema ni joto. Madirisha wazi, mvua inanyesha!

Huwa nawaambia nini wanawake hawa? Nenda kwa ndugu. Mpango wako usimwambie mtu. Ukishatoka usirudi kufuata nguo. Nayasema kama mtu anayeelekeza njia ya posta.

Alhamisi, 20 Machi

Sare yangu ya usaili! Niliipiga pasi jana, nikaitundika. Leo nimeikuta kwenye beseni la dawa ya madoa. Mabaka matupu.

Nilitaka kukusaidia kufua, kasema. Macho ya huruma kabisa.

Nikamshukuru. Nilimshukuru! Na sauti ikatoka nzuri tu.

Konstebo kanitafutia nyingine stoo. Hakuuliza kitu. Ila alipokuwa ananikabidhi alinishika mkono, akachelewa kuuachia.

Jumamosi, 22 Machi

Nimempeleka Kipusa kwa dada yangu. Baba yake nilimwambia ni wikiendi tu, akacheze na wenzake. Alimbeba mwenyewe mpaka kwenye gari, akamfunga mkanda, akambusu kila shavu. Ni baba mzuri. Hilo nalo ni kweli, na ndilo linalonivuruga akili.

Dada alifungua begi la mtoto. Akakuta viatu vya shule, sare za shule, kadi ya kliniki. Akafunga zipu polepole.

"Na wewe unarudi kule?"

Nikamwambia nisiporudi leo atanifuata hapa hapa, na mtoto yupo. Baada ya usaili sirudi.

"Basi huo usaili si uuache? Cheo gani hicho!"

Nikasema nikiuacha atakuwa ameshajua dawa yangu. Leo cheo, kesho kazi yenyewe, keshokutwa mlango wa mbele. Dada akageukia kitunguu alichokuwa anakimenya. Alikimenya mpaka kikaisha.

Wakati wa kumwacha Kipusa nilimdanganya naenda dukani. Akasema nimletee penseli ya kijani.

Jumatatu, 24 Machi

Niko kwenye benchi, kwenye korido ya makao makuu. Naandika ili mikono ipate kazi.

Nilipanga kuja peke yangu. Nilipotoka nje alikuwa keshakaa kwenye usukani, kavaa sare, bastola kiunoni. Nikupeleke mke wangu, siku kubwa hii. Ningekataa vipi, na funguo zote anazo yeye?

Njiani aliuliza jambo moja tu. Kipusa anarudi lini? Nikasema jioni, dada atamtoa shuleni. Akasema amepiga simu shuleni. Hajafika.

Basi. Akaendesha taratibu sana. Taratibu kuliko siku zote. Ningetamani apite taa nyekundu.

Sasa yuko mwisho wa korido na mlinzi wa mlangoni, wanacheka. Hakuna aliyemwambia aiache silaha mapokezi. Afande aliyemsindikiza mkewe, nani atamwambia? Anadhani napitia sheria. Kila nikiinua macho, yake yameshafika.

Karani wa usaili ametoka, mama wa makamo, miwani inaning'inia kifuani. Kainama kama ananionyesha kitu kwenye karatasi. Akanong'ona: mumeo alikuja dirishani kwangu, anasema umeamka na presha, unajitoa. Ni kweli?

Nikasema si kweli.

Hakuondoka. "Unamwogopa?"

Nikawaza sare niliyoivaa, nikawaza hao waliomo ndani watasemaje, mrakibu gani huyu anayemwogopa mumewe. Halafu nikasikia sauti yangu inasema: namwogopa. Ana bastola. Sitaki kutoka naye hapa.

Akaitika kwa kichwa, kama nimemwuliza choo kiko wapi. Akasema ndani yupo kamanda, na walinzi wake wapo mlango wa nyuma. Atawaambia sasa hivi. Mtu aliyemo ndani akitoka, nitaitwa mimi. Niinuke papo hapo, niingie, nisigeuke nyuma. Akaingia.

Nimeshalisema! Halirudi tena kinywani.

Kule mwisho kicheko kimekatika. Ameona tulivyoinamiana. Anamuaga mlinzi, anampiga bega. Anakuja. Hana haraka. Anasimama kusoma matangazo ukutani, anasogea, anasimama tena. Kofia ameivua, anaifuta kwa kiwiko.

Ndani viti vinavutwa. Mtahiniwa ametoka, anajifuta uso, ananitakia heri. Nimemwitikia. Sijui nimesema nini.

Mlango uko wazi. Karani ameita jina langu.

Aliyeitika ni mume wangu.