Usipa wa Mama Mdogo

Jumanne

Eti mimi ndiye ninayemtesa mama!

Leo nimewafundisha kidato cha tatu jinsi figo zinavyochuja damu na kusawazisha maji na chumvi mwilini. Darasa zima limeelewa. Nimerudi nyumbani na kumkuta Mama Mdogo, aliyepanda jana kutoka Chiwanda, kule ziwani, kumwona dada yake, amemkaangia usipa mkavu kwa chumvi tele. Kwao kumtembelea mgonjwa bila samaki wa ziwani ni aibu. Pembeni, jagi la maji lilikuwa tupu.

Nikamkumbusha kwamba figo za mama zimechoka, daktari amekataza chumvi, na maji ni ya kupimiwa.

“Mwalimu, unamkausha dada yangu kama samaki,” akanijibu. “Mtu akivimba mpe maji mengi, akojoe, uvimbe uishe.”

Mama akalamba vidole. “Niache, mwanangu. Leo nimekula.”



Sasa hivi nimembonyeza mguu, na shimo la kidole changu halijafutika. Na pumzi yake…

Kesho Mama Mdogo anateremka ziwani na sifa zake za kumlisha mgonjwa. Mimi nabaki na miguu ya mama.