Upande wa Kisima

Jumatatu, 3 Machi

Nimeifuta. Mimi mwenyewe, kwa vidole vyangu hivi hivi.

Niandike ilivyokuwa, nisije nikajidanganya kesho. Asubuhi binti yangu alinisihi niiandikie ofisi ya nyumba kuhusu lifti. Wiki ya tatu sasa imekufa, na mimi na goti langu tuko ghorofa ya nne. Nikakaa mezani. Barua zangu huziandika hivi: nafungua barua ya zamani, nafuta yaliyomo, naandika mapya kwenye ukurasa ule ule, maana pambizo na ukubwa wa herufi vimeshakaa sawa. Mwisho naipa jina jipya. Uvivu tu. Mwalimu wa darasa letu la kompyuta la wasioona amenionya mara ngapi!

Barua ya mwisho huwa juu kabisa kwenye orodha. Nikabonyeza ya juu. Karani — ndivyo ninavyoiita sauti inayonisomea skrini — akaanza kutaja jina la faili. Nikamkatiza. Kitufe kimoja tu, ananyamaza. Chagua yote. Futa. Mistari kumi na mmoja kuhusu lifti. Binti akaita, chai inapoa. Nikahifadhi, nikafunga. Jina nitalipa baadaye, nikasema.

Nilisahau kwamba jana ilikuwa Jumapili. Kila Jumapili, tangu mke wangu afariki, nafungua faili ya "Mtaa" nisomewe nyumba moja. Kwa hiyo ya juu haikuwa barua.

Saa nane nikaifungua "Mtaa". Karani akasoma, kwa sauti yake isiyojua msiba wala harusi: "Kwa Mkuu wa Ofisi ya Nyumba. Yah: Lifti."

Jumanne, 4 Machi

Sijalala vizuri. Sijamwambia binti.

Mtaa wetu haupo. Miaka thelathini na minane tangu tuukimbie. Kwanza moto, kisha wakapitisha barabara kuu juu ya majivu. Nyumba thelathini na tisa. Kumi na nane upande wa posta, upande wangu. Ishirini na moja upande wa kisima, upande wa mke wangu. Tulizaliwa tukitazamana, mlango kwa mlango.

Macho yangu yalipokwisha ndipo tukaanza kuziandika. Ziwepo mahali. Zangu nilizitoa kichwani, zake alinisimulia, mimi nikachapa. Miaka miwili. Nani aliishi, alilala chumba gani, aligombana na nani na kwa nini, ukuta upi ulikuwa na ufa. Nikimharakisha alikuwa akisema, "Ngoja nimalize, mzee. Una haraka ya kwenda wapi?" Nyumba ya mwisho, ya fundi cherehani mwenye paka watatu, alinisimulia akiwa wodini, kwa pumzi za kuazima.

Kwa upande wake wa mtaa, sasa hakuna mwingine wa kuuliza.

Alhamisi, 6 Machi

Darasani. Chumba kile cha chini, viti vya plastiki, feni inayokwaruza. Nilimwambia Mwalimu pembeni, lakini pembeni kwa wasioona ni wapi? Kila mtu alisikia.

Aliuliza kama nilikuwa na kopi. Sina. Kwenye flashi? Sina. "Mzee wangu," akasema, "miaka thelathini mkutubi, unahesabu vitabu vya watu, chako umekiacha kimoja?" Hakusema kwa ubaya. Naye haoni, naye alishawahi kupoteza, alisema, ingawa hakutaja nini.

Fundi Saa, jirani yangu wa kiti, hakuweza kujizuia: "Kaka, mimi saa ikisimama nasikia. Wewe mtaa mzima umekudondoka, hukusikia hata kishindo!" Darasa likacheka. Nikacheka pia. Kisha nikaenda msalani, nikafungua bomba, nikasimama pale hadi mtu akagonga mlango.

Niliporudi Mwalimu alikuwa amepekua kompyuta ya darasa. Ipo nakala! Niliifanyia zoezi la kupanga folda mwaka wa kwanza. Akaisoma: upande wangu wote, nyumba kumi na nane, nukta na mkato. Upande wa kisima, nyumba nne.

Nimerudishiwa nilichokuwa nacho kichwani.

Fundi Saa alinishika mkono hadi kituoni. Njiani hakutania hata kidogo. Hapo ndipo nilipojua hali ni mbaya.

Ijumaa, 7 Machi

Nimejaribu. Nyumba ya tano, upande wa kisima. Niliitazama kutoka kibarazani kwetu miaka ishirini na mitatu. Mlango wa kijani, kitasa cha shaba, ngazi mbili, ya chini imemeguka. Ndani? Sijui.

Ya sita: mlango wa bluu. Ya saba: mlango usio na rangi, pazia la maua. Ya nane: mlango.

Nimefika ya ishirini na moja kabla ya adhuhuri. Ukurasa mmoja na nusu. Milango tu, yote imefungwa. Mke wangu ndiye aliyekuwa anaingia humo.

Nilimwandika neno kwa neno, na sikumsikiliza! Nilikuwa nasikiliza vidole vyangu, nisikosee herufi. Nikajiambia, yapo kwenye faili, yatanisubiri; hata Jumapili nilikuwa nikichagua za upande wangu, zake nikiziahirisha.

Jumapili, 9 Machi

Binti amejua. Leo hakusikia Karani akinisomea, akauliza. Nilimweleza. Akasema, "Baba, barua ile ni mimi niliyekuhimiza." Nikamwambia asijitwishe. Kila mmoja wetu akaondoka na mzigo ule ule.

Ni yeye aliyefikiria kumpigia shemeji, mdogo wa marehemu mke wangu. Yuko nchi ya tatu kutoka hapa, kwa wanawe. Kakulia nyumba ile ile, upande ule ule. Nilijiandaa kama mwanafunzi: faili mpya, jina kwanza, nikaihifadhi mara mbili kabla ya kuandika neno.

Alifurahi mno. "Shemeji! Bado u hai, mkorofi wewe?" Tukacheka. Nikamuuliza nyumba ya tano nani alikaa. Akasema, walikaa watu. Ya sita? Watu wazuri sana, shemeji, watu wazuri. Nikamtajia fundi cherehani na paka wake. Kisha akasema hayo nimuulize dada, dada ndiye anayekumbuka.

"Hebu mpe simu," akasema.

Nilimwambia amelala.

Jumanne, 11 Machi

Lifti imetengenezwa. Barua yangu imefanya kazi. Mlinzi wa chini ananiambia ofisi imesifu: fupi, safi, haina kosa hata moja.

Nimepanda kwa ngazi.

Jumatano, 12 Machi

Mwalimu amepiga simu asubuhi. Hajalala kwa ajili ya jambo hili, anasema. Programu ile, mashine ikizimika ghafla, wakati mwingine huachia nakala yake yenyewe, kwa jina lisilo na maana, mahali asipopita mtu. Je, mashine yangu iliwahi kuzimika nikiandika?

Iliwahi. Wodini. Betri ilikufa katikati ya fundi cherehani. Marehemu alinicheka: "Nyie wawili nani mgonjwa?"

Akaniambia nisitafute kwa jina. Nitafute kwa neno lililo ndani, neno la marehemu. Nikaandika: kisima. Nisiguse kitu, akasema, na nisitarajie kitu. Akakata.

Robo saa. Karani akasema: matokeo manne.

La kwanza ni shajara hii. Ndiyo! Nimelia humu kuhusu kisima, basi nimejipata mwenyewe. La pili, nakala ya darasani, zile nyumba nne. La tatu, barua niliyomwandikia shemeji juu ya mazishi. Nilikuwa nimeisahau. Nimeisikiliza yote.

La nne halina jina, ni tarakimu tupu. Nikauliza tarehe. Ni ya wiki ile ya wodini.

Nimebonyeza. Karani: "Faili hii imeharibika. Ungependa kujaribu kurejesha yaliyomo? Ndiyo. Hapana."

Ndiyo.

Hiyo ilikuwa saa nne kasoro robo. Naandika kwenye dirisha la pili ili vidole vipate kazi nyingine. Kila nikirudi kule anasema, "Tafadhali subiri." Mara mbili amesema, "Haijibu." Pale pana kitufe cha kuifunga, nakijua kilipo, na wiki iliyopita ningekuwa nimeshakibonyeza.

Sasa ametoa sauti! Si neno. Silabi mbili tatu, takataka za alama, mabano, nyota, nyota, nyota. Kisha, wazi kabisa: "paka". Kisha nyota tena.

Binti amesimama nyuma ya kiti changu. Anauliza imesemaje, Baba, ndiyo yenyewe?

Ngoja amalize, nimemwambia.