Mwaka Mmoja Bila Marahaba Yako

Baba yetu Stanislaus Polycarp wa Lumemo, leo mwaka umetimia tangu utuache, ukiwa umekaa kitini saa nne asubuhi kwa sababu kulala ulishashindwa. Mtungi wa oksijeni ulikuwa umeisha, na mwanao Lukelo alikuwa njiani analeta mwingine.

Miaka ishirini na mbili uliendesha mashine ya kukoboa mpunga. Hukuwahi kuchanganya mpunga wa watu, hata magunia yalipojaa hadi mlangoni. Chenga za mchele zilizobaki uliwafungia wajane. Ukirudi nyumbani uliikung'uta kofia yako nje mara tatu, ili vumbi la pumba lisiingie kwenye mboga ya Mama. Nyumbani halikuingia. Liliingia kifuani kwako.

Na ulikuwa mtani. Mtoto akichelewa kukuamkia, ulimtangulia wewe: "Marahaba!" Mtoto akaona aibu, akacheka, ndipo akatoa shikamoo yake. Mtaa mzima ulikujua kwa hilo. Mwaka wa mwisho watoto walikuamkia mapema, na wewe ukawa unainua mkono tu, maana neno marahaba lilikuwa refu kuliko pumzi uliyokuwa nayo. Wajukuu walidhani umewakasirikia.

Daktari alituambia wazi: mapafu yamechakaa kwa vumbi, hayatapona, lakini ukipata mashine ya oksijeni ya nyumbani utaishi bila kuhangaika na mitungi. Tulikwishauza mbuzi. Tulikwishauza nusu ya shamba la Katindiuka, na yote yakaishia kwenye vipimo na mitungi hiyo hiyo. Ndipo nikaenda Kiberege kwa Baba Mdogo Salvatory, mdogo wako wa tumbo moja na mwenyekiti wa mfuko wa ukoo. Nilipiga goti, nikamwamkia, nikaomba.

"Marahaba, mwanangu. Pole na kuuguza," alisema. "Ila mfuko ni wa msiba, si wa ugonjwa. Na kanuni hiyo aliipitisha kaka mwenyewe. Mungu akimwita, tutamsindikiza kwa heshima."

Ni kweli, Baba, na kwa hili tuna hasira na wewe pia. Mwaka ule ugonjwa wa mzee Gasper wa ukoo wetu ulipoumaliza mfuko, naye akaja kuzikwa kwa sanda ya kukopa, ulisimama kwenye kikao ukasema ugonjwa hauna kikomo, msiba una siku tatu. Watu wakapiga makofi. Nilipokuletea jibu la Kiberege hukumlaumu mdogo wako. Ulisema kwa vipande, "Ni... kanuni... yangu." Simu ilikuwa mkononi mwako. Ungewapigia, ungewaambia ulikosea! Uliona haya, na sisi ndio tumebaki bila baba.

Nao wakakusindikiza. Maturubai mawili, spika, basi zima kutoka Kiberege, ng'ombe wawili walionunuliwa kwa Wasukuma ng'ambo ya mto, na jeneza lenye kioo ili kila mtu akuone uso. Wengi wao hawakuwa wameuona tangu uanze kukohoa, eti wanaogopa TB, ambayo ulipimwa mara tatu ikakosekana. Bei ya wale ng'ombe ingenunua mashine. Baba Mdogo alishika kipaza sauti akalia mbele za watu.

Lukelo ameniomba nipunguze ukali, anasema hili ni tangazo la kumbukumbu. Nimekataa, kwa sababu Mama ameanza kukohoa. Miaka yote hiyo alipepeta chenga pale pale mashineni kwako, na sasa daktari ameandika apelekwe hospitali kubwa. Jumapili hii, baada ya misa yako, ukoo unakaa kikao hapa nyumbani. Tutasimama mbele yao na kuomba kanuni yako ifutwe. Utusamehe kwa hilo.

Baba Mdogo akirudia kwamba mfuko ni wa msiba, shikamoo zetu kwake zitaishia hapo. Akitaka atatangulia yeye kusema marahaba, kama ulivyokuwa ukifanya wewe, ila hakuna mtoto wa nyumba hii atakayecheka.

Unakumbukwa na mkeo Philomena. Wanao Lukelo, Aneth na mimi Fausta niliyeandika haya. Wajukuu zako Bryson na Jenifer, ambao bado hukung'uta kofia zao nje mara tatu. Na dada yako Bibiana, mtu pekee wa ukoo aliyekuja kukuogesha ungali hai.

Hatutakusahau, Baba. Na wao hatutawasahau.