Jani Alilotafuna Kibonge

6 Machi

Mwanangu,

Salamu nyingi. Mimi mzima, ila goti linanikumbusha umri. Mjukuu wangu Kibonge hajambo?

Dereva wa basi atakuletea vyungu viwili. Umesema zamu za kiwandani hazikupi nafasi hata ya kuchana nywele, basi nimekuchagulia mimea isiyo na makuu. Wa majani kama panga, ukiusahau mwezi mzima hautanuna. Huu wenye majani mapana ya madoa meupe ndio wateja wangu wanaougombania. Chomeka kidole kwenye udongo. Ukikuta mkavu, mwagilia. Maji mengi ndiyo yanayoua mimea ya ndani, si uvivu.

Mama yako

2 Aprili

Mama,

Shikamoo. Hali yangu sijui niiseme vipi.

Jumamosi nilikuwa naanika nguo, nikasikia Kibonge analia, halafu kilio kikakatika. Nilimkuta chini ya dirisha, mate yanamchuruzika, ulimi umevimba hadi mdomo haufungi. Mkononi ana kipande cha lile jani la madoa. Nilimbeba nikakimbia pekupeku.

Daktari aliliangalia jani, akauliza, "Nani amekuwekea hili kwenye nyumba yenye mtoto?"

Nikasema, mama yangu.

Utomvu wake unachoma. Koo lingevimba zaidi kidogo, pumzi ingeziba. Tumetoka hospitali jana. Anakunywa maziwa kwa kijiko, lakini sauti hana.

Mama, umeuza mimea miaka yote hii. Ulijua?

Binti yako

9 Aprili

Mwanangu,

Marahaba. Nilisoma barua yako nikiwa na mpira wa maji mkononi. Nilipozinduka, kitalu kizima kilikuwa kimefurika.

Nilijua.

Ulikuwa na mwaka na nusu. Ulitafuna jani hilohilo, ulimi ukavimba, siku tatu hukutoa sauti. Baba yako nilimwambia umeumwa na nyuki. Niliogopa angetupa vyungu vyote, na vyungu ndivyo vilivyokuwa vinatulisha. Ulipopona nikajiambia labda kweli alikuwa nyuki. Nimejiambia hivyo mpaka nikaamini.

Sasa napita nyumba za wateja wenye watoto, mlango kwa mlango, nawaambia. Mwalimu mmoja amenifungia mlango usoni. Sina la kumlaumu.

Niandikie hata mstari mmoja. Ameshatoa sauti?

Mama

30 Aprili

Mwanangu,

Natumaini hamjambo, sina njia nyingine ya kujua.

Nyumba ya mwisho nimeimaliza jana. Vyungu vilivyobaki kitaluni nimevimwaga shimoni. Usinisamehe kama huwezi. Niambie tu kama mtoto ametoa sauti.

Mama

17 Juni

Mama,

Shikamoo. Sisi wazima.

Kibonge alipata sauti kabla barua yako ya tarehe tisa Aprili haijanifikia. Ningeweza kukuambia siku ileile. Sikukuambia makusudi, nilitaka na wewe ukae na kimya hicho.

Kinachoniuma zaidi ni baba. Miaka yote alifukuza nyuki uani kwa taulo, anapiga kelele, "Hawa walitaka kuniulia mwanangu," na mimi nikimcheka. Amekufa akiwachukia. Ulikuwa unamtazama tu, mama?

Nilikuwa nimeapa nisikuandikie. Jana Kibonge ametembea hatua nne peke yake, akaanguka, akacheka. Mtu wa kwanza niliyetaka kumwambia ni wewe. Nikakasirika upya.

Njoo Jumamosi. Hasira utaikuta bado ipo. Njoo hivyohivyo.

Binti yako