Kikwembe cha Nyanya Kinarudi Baraka

Lubumbashi, nyumbani kwa Riziki

Kwa Mama Sifa kule Baraka, mudogo wangu, mwenzangu wa mume mumoja na lupango moja, ua ule ule,

Apendeki, wewe mwenye unasoma, soma na sauti ya kusikika, na usiruke neno hata kama unasikia haya. Mama Sifa anajua vile nasema. Alishanizoea mbele wewe uzaliwe.

Mudogo wangu, nakusalimia na mikono mibili. Uko muzima? Kile kikohozi cha wakati wa mvua kimekuachilia, ao ungali unakoroga majani yako machungu na kukataa kwenda kwa muganga? Kuku yangu ya shingo tupu iko hai, ao mulishaikula mukaogopa kuniambia? Ziwa linatoa ndagala? Nyumba yangu unaifungua dirisha? Usiniambie ndiyo kama ni hapana.

Mimi niko muzima kutoka kichwa mpaka kiuno. Kutoka kiuno kwenda chini, muulize daktari. Mufupa wenye nilivunja umeunga, natembea na fimbo mpaka kwa mulango wa lupango na ninauza karanga zangu pale, lakini safari amekataa. Alisema: "Mama, lori ya kwenda Kalemie itavunja tena kile tulifunga, halafu boti itamaliza kazi." Nikamuuliza kama yeye ana mujukuu mwenye anaolewa. Akacheka. Lakini hakubadilisha neno lake, ni muntu mugumu, ningependa awe ndugu yetu.

Kwa hiyo arusi ya Apendeki itapita bila mimi. Riziki anakuja, kama mama wa bibi arusi, na njo yeye anabeba barua hii na mufuko munene wenye unaona. Njo yeye pia anaandika. Mimi nasema tu, kalamu haijawahi kunijua.

Sasa acha nikugombeze.

Kile kikwembe, kitenge chenye ulinitumia, kilifika. Nilikifungua mbele ya Riziki, nikajua mara moja kwamba ni kikwembe cha nyanya, kile bakwe banaleta pamoja na mali, kimoja tu, ili nyanya mwenye alilea bibi arusi akivae siku ile na kusimama naye. Na ule mufanyabiashara wa Kalemie mwenye ulimupa akilete, akanipa maneno yako: "Yaya, mukubwa wangu, hiki ni chako. Wewe njo wa damu. Mimi nilikuwa nakushikia mutoto tu." Halafu nikasikia yenye ulificha. Kwamba wifi yetu, Mama Zabuloni, alisema mbele ya bakwe kwamba nyanya ni wa damu, huyu mwingine ni mke wa pili tu. Na wewe, badala ya kumutolea macho yale unatoleaga mbuzi mwenye ameingia mu mihogo, ukakunja kikwembe muzuri, ukanitumia, na ukasema siku ya arusi utakaa jikoni na bapishi.

Mama Sifa, umekuwa mujinga tangu lini? Mi nilikuacha na akili.

Kikwembe kinarudi. Kiko juu kabisa mu mufuko. Lakini mbele ya kukishika, kaa chini unisikilize, juu nataka kukuambia mwaka wangu wa kununua nguo. Ukimaliza kusikia utajua kwamba sisemi na hasira peke yake.

Nilifika hapa na bikwembe bitatu na kambambili. Batu balinidanganya kwamba Lubumbashi ni joto. Mwezi wa sita baridi ikashuka, meno yangu yenye yamebaki yakaanza kutafutana. Riziki akanipeleka kwa soko. Nikachagua sweta ya rangi ya udongo, nzito, na bifungo bikubwa. Muuzaji, mubaba mwenye maneno mengi, akaikunja. Nikamuambia:

"Na ingine kama hiyo."

"Ya nani, Mama?"

"Ya mwenzangu."

"Mwenzako wa kanisa?"

"Mwenzangu wa bwana."

Akaacha kukunja. "Eh! Hapa kwetu mama akisikia mwenzake ameanguka mu matope, anapika kuku. Wewe unamununulia sweta?"

"Funga mudomo," nikamuambia, "na ufunge sweta."

Mu njia Riziki akaniuliza Mama Sifa ataivaa wapi, Baraka kwenyewe batu banalala nje juu ya joto. Mukono ulikuwa umeshalipa.

Halafu ikawa vile kila mara. Nilinunua kitambaa cha kichwa cha kwenda kanisani, cha kungaa, nikatoka na bibili. Nilinunua sakoshi nyeusi yenye kufuli ya zahabu, mi mwenye sina kitu cha kutia ndani isipokuwa leso na karanga, nikachukua mbili. Nilinunua biatu byenye daktari alinilazimisha, bya soli nene kama mukate, na wewe miguu yako haina ugonjwa, lakini nikasema leta na bingine, bikubwa zaidi, bikubwa tena, mupaka muuzaji akauliza kama ni bya mama ao bya askari. Nilinunua herena. Pale kidogo nilisimama, juu nilikumbuka sikio lako la kushoto lenye Sifa alipasua akinyonya. Nikanunua tu. Utavaa moja. Batu bakicheka, baambie njo mutindo wa Lubumbashi.

Na sutieni, Mama Sifa. Riziki alisema mama wa muji anavaa sutieni. Nikavaa siku ya Mungu moja. Pasta alihubiri juu ya mateso na mi nilikuwa naitika kwa nguvu kuliko bote, bamama bakafikiri Roho amenishukia. Yako iko mu mufuko. Usiivae. Chujia chai.

Juzi Riziki alifungua sanduku yangu kutafuta shuka, akakuta mwaka muzima umelala mule, kila kitu na ndugu yake. Akakaa kwa kitanda. "Mama, unafungua butiki bila kuniambia?" Akaogopa kwamba ni uzee umeanza kula kichwa. Njo nikamueleza juu ya baba yake, mambo yenye yeye alikuwa mudogo sana kujua.

Wewe unakumbuka. Marehemu bwana wetu, Baba Riziki, hakununua kitu kimoja hata siku moja. Chumvi, sabuni, kikwembe, byote bibili, na bilikuwa sawa kama mayai. Unakumbuka ile safari ya Kilembwe, wewe ulikuwa mugeni mu lupango, hatujaanza hata kupendana? Alirudi na bikwembe bibili, maua yale yale, lakini kimoja chekundu na kimoja kijani. Akabisambaza kwa mukeka, anacheka, anangoja tumushukuru.

Mi nikasema: "Chekundu ni cha nani?"

Wewe ukasema polepole, na ile sauti yako ya kujifanya mutakatifu: "Na kijani ni cha mwenye hapendwi?"

"Ni maua yale yale!" yeye akalia.

Tulimuangalia tu, sisi babili, bega kwa bega, mara ya kwanza kuwa upande mumoja. Akabikunja, akarudi Kilembwe na miguu yake, ule mulima wote, akabadilisha. Alipofika tena alisema yeye hakuoa babibi babili, alioa muntu na kioo chake. Tukacheka mupaka ukashika tumbo. Kutoka siku ile tulikuwa tunavaa sawa, tunaenda kisima sawa, na mwenye alitaka kututenganisha hakujua aanzie wapi. Nimekaa mwaka hapa kati ya batu benye sijui, na mukono wangu hauwezi kununulia muntu mumoja. Njo hiyo tu. Si uzee.

Sasa turudi kwa kikwembe.

Riziki, mwenye ana akili ya muji, akasema: "Mama, ni rahisi. Tutafute ndugu yake. Kimoja chako, kimoja cha Mama Sifa, baba alipo atafurahi." Nikaona ni muzuri. Tukaenda kwa soko, mi na fimbo yangu, tukapita bamama ba bikwembe mumoja mumoja. Na nikakiona. Mama Sifa, nilikiona! Kile kile, maua yale, rangi ile, mupaka ule muzingo wa manjano wa pembeni. Kilikuwa kimening'inia mbele ya uso wangu. Nikakishika, nikakisugua na kidole. Mama mwenye kuuza akasema, "Nikukatie?" Riziki alikuwa ameshafungua sakoshi.

Nikasema hapana. Nikaachilia, nikarudi nyumbani. Riziki alinifuata anauliza nini, nini. Nikamujibu nilipokaa kwa kiti.

Sikia. Mbele ya bwana wetu tulikuwa sawa, na alifanya muzuri kutuvika sawa. Mbele ya Apendeki hatuko sawa. Riziki alimuzaa akiwa musichana mudogo, akaenda kutafuta maisha. Mimi nilikuwa kwa barabara na ndagala za kuuza, leo Lusenda, kesho Nundu, na sijutii, batu balikula. Nikirudi na kitunga changu yule mutoto alikuwa anajificha nyuma ya kikwembe chako, ananiangalia kama muntu wa kodi. Nani alimubeba mugongoni akilima? Nani alimusuka? Alipovunjika jino kwa kisima alilia jina la nani? Hata leo Riziki akipiga simu, yule mutoto anamuambia: "Ngoja, Mama, kwanza nimalize kumusikiliza Mama Sifa." Damu ni yangu, hakuna mwenye anakataa. Lakini uji haukupikwa na damu. Ulipikwa na wewe.

Ukisema ulikuwa unanishikia mutoto tu, unanitukana mimi na unamutukana yeye. Mutoto si kuku ya jirani.

Kwa hiyo hiki hakitakuwa bibili. Mu maisha yetu yote, hiki kimoja, na ni chako.

Umupelekee fundi wa cherehani kesho, usingoje. Akushonee libaya, blauzi ya mikono mirefu, na asikutilie yale mabega ya kusimama kama ya ndege, wewe uko mufupi, utaonekana umeshikwa na polisi. Siku ile, bakiita nyanya wa bibi arusi, simama. Usiangalie chini. Mama Zabuloni akikohoa, mwache akohoe, mu mufuko kuna dawa yake. Na kama miguu inakataa, Riziki yuko karibu, nimemuamuru akuvute na nguvu. Mutoto atasimama peke yake juu ya aibu yako? Unataka bakwe baseme tulimuokota? Kama wewe uko jikoni, pale mbele hakuna nyanya, juu mi sitakuwa pale, na kile kiti hakuna mwingine mwenye nitakubali.

Riziki aliacha kidogo kuandika, akapangusa pua. Anasema niongeze kwamba akifika atapiga magoti mbele yako mbele ya batu bote. Nimemuambia apige, na akimaliza aoshe sahani.

Nisalimie Mlondani, mutoto wetu wa mamotere, zile injini, umuambie aache kusema "kesho" kwa paa la nyumba yangu. Nisalimie bibi yake, mwenye anapika sombe, majani ya mihogo, vizuri kuliko vile ananisifia yangu. Nisalimie Sifa na mapacha bake. Nisalimie ule mama Murundi wa Lusenda, rafiki yangu wa ndagala, umuambie sijasahau kitunga chake. Nisalimie pia wifi yetu Mama Zabuloni, kwa heshima yote, na umusomee barua hii mara mbili.

Na wewe Apendeki, mujukuu wangu wa damu na wa kujificha, nakubariki. Mume wako akikununulia kitu, angalia macho yake, si kitu. Siku ile mushike Mama Sifa mukono, anajifanya tu mugumu.

Mudogo wangu, ukirudisha kikwembe tena, sitakipokea. Nitamuambia ule mufanyabiashara akivae yeye mwenyewe. Kwa saa ya arusi mimi nitakaa hapa kwa mulango na karanga zangu, na kikwembe changu cha kila siku. Batu ba hapa bakiniuliza, Mama, mujukuu wako anaolewa, juu ya nini hukuvaa? Nitabajibu: leo ni zamu ya mwenzangu.

Yaya wako mwenye kukupenda,
Mama Riziki