Jembe la Posa Yangu

Jumapili, 12 Septemba 1954

Wametangazwa. Lusubilo na Marita, mara ya kwanza. Mchungaji alisoma jina la mdogo wangu polepole, kisha akainua macho akanitazama mimi. Kanisa zima likanitazama. Nikakazia macho kilemba cha mwanamke aliyekaa mbele yangu. Kilikuwa na tundu.

Baba alikaa benchi la kwanza, koti jeusi, mnyororo wa saa kifuani. Mzee Enoka wa Igamba! Mwenye nyumba ya bati na madirisha ya vioo, mwenye lori, mwenye kahawa iliyojaa vichanja mpaka karibu na mlango. Ana kila kitu. Hana haya tu.

Niandike, nisije nikaambiwa nimeota. Mwaka juzi Lusubilo alikuja likizo kutoka migodini, Mufulira, akatuma jembe nyumbani kwetu. Jembe la posa yangu mimi, Nesta. Nililipokea kwa mikono miwili kutoka kwa mshenga, babu Amoni, nikampa mama, mama akaliweka chini ya kitanda chake. Ndivyo msichana wa kwetu anavyokubali. Mdomo hausemi kitu. Na mchumba akigeuka, jembe hurudishwa kwao kwanza. Likisharudi, kila mtu yuko huru.

Mwezi wa saba karudi. Suti ya kijivu, jino la dhahabu, gramafoni ya kubeba mkononi. Akamwona Marita, ambaye alimwacha bado kigori. Haikuisha wiki akamtaka yeye. Baba akasema jembe lirudishwe la nini, liende na kurudi bure? Libaki palepale, libadilishwe jina tu.

Libadilishwe jina! Kama gunia la kahawa. Mama angekuwa hai asingethubutu.

Jumanne, 14 Septemba 1954

Gauni limefika kutoka Mbeya. Satini nyeupe, vifungo mgongoni toka shingoni hadi kiunoni, glovu mpaka kwenye viwiko. Wanawake wa jirani waliingia wakatoka, wakashika, wakapiga makofi. Mmoja aliniambia nami siku yangu itafika. Nilimshukuru. Ningemng'ata.

Marita alisimama mikono imening'inia wakimpima. Hakucheka hata mara moja. Anaringa, nadhani. Tangu mwezi wa saba mimi na yeye hatuna mazungumzo zaidi ya chumvi iko wapi.

Jioni, mezani, baba kanipa kazi. Nimsimamie mdogo wangu kanisani, nimshikie maua, nimfunge shela. Watu waone hakuna kinyongo nyumbani kwake. Nikasema ndiyo, baba. Akawaambia wageni: huyu ndiye binti niliyemlea. Nikaongeza wali sahanini, nikala wote.

Alhamisi, 16 Septemba 1954

Lusubilo alikuja kula. Aliniita shemeji. Shemeji! Nilimpakulia mchuzi na sikumwaga hata tone. Leo najisifu kwa hilo tu.

Jumamosi, 18 Septemba 1954

Nimerudi Tunduma na bado damu inanichemka.

Baba alinituma na lori kwa shangazi Tabita, nikamwalike na kuchukua mchele. Shangazi ameolewa palepale mpakani, anauza maharage kwa watu wa ng'ambo. Nikamkuta na mgeni. Mwanamke mweupe kidogo, kitenge kizuri, pete kidoleni, mtoto wa kike mgongoni. Amefika jana na basi la Rodeshia.

Aliposikia natoka Igamba alipiga goti akanisalimu kwa neno la heshima la kwao. "Mukwai, dada, mimi naitwa Elizabeti. Namtafuta bashi Nesta. Baba yake huyu mtoto."

Nilishtuka kusikia jina langu. Nikamwuliza huyo baba Nesta ni nani hasa.

"Lusubilo," akasema. "Wa jino la dhahabu. Tulioana kanisani, Mufulira. Alisema anakuja kwao kuzika, mwezi wa nane atarudi. Mwezi wa nane umepita, mukwai, na mimi sina habari."

Shangazi aliacha kupepeta maharage. Mimi nikauliza swali la kijinga, nani alimpa mtoto jina. Akatabasamu. Ni yeye mwenyewe, bashi Nesta, alilichagua. Ni la dada yake aliyekufa.

Kwa hiyo mimi ni marehemu! Wakati napokea jembe lake kwa mikono miwili, tayari alikuwa na mke, na mke ana mimba. Kisha akanizika, akampa mwanawe jina langu, akaendelea kula. Nilimchukua yule mtoto nikampakata. Ana masikio ya baba yake. Nilimtafunia karanga nikamlisha.

Shangazi alinivuta nyuma ya nyumba. Alitaka twende leo leo, na mwanamke huyo, mpaka mbele ya baba. Nikakataa. Nikarudi nikamwambia Elizabeti kwamba mumewe yuko safarini, atarudi kwenye sherehe kubwa nyumbani kwetu, tarehe mbili mwezi wa kumi. Apumzike. Lori la baba litakuja kumchukua.

"Nesta, una nini moyoni?" shangazi akaniuliza.

"Nina adabu, shangazi."

Nikisema leo, watalifunika. Baba atamtuliza huyu mama kwa vitenge na maneno matamu, Lusubilo atapanda basi, nami nitabaki yule yule aliyeachwa. Hapana. Nataka lori limepambwa. Nataka karani wa Bwana Shauri, mkuu wa wilaya, amekaa kwenye kiti chake, na watu wa Vwawa na Itaka wamejaa uani na sahani mikononi. Na Marita ndani ya satini yake. Ndiyo, na Marita.

Jumapili, 19 Septemba 1954

Mara ya pili. Mchungaji akauliza kama kuna mwenye kizuizi. Niliimba wimbo uliofuata kwa sauti kuliko kwaya. Lusubilo aligeuka akanikonyeza, kama anayeshukuru. Kenya meno, ndugu yangu. Kenya.

Jumatano, 22 Septemba 1954

Nyumba ina moto! Babu Amoni amegoma.

Baba alimwita apange mambo ya harusi. Mzee akauliza jembe liko wapi. Baba akasema lipo chini ya kitanda. Mzee akauliza, lilikwenda lini kwao Lusubilo na kurudi? Halikwenda. Babu Amoni akavaa kofia yake. Jembe lililopokelewa na Nesta ni la Nesta, akasema, wala yeye hasimami mbele ya ukoo na jembe la mtu mwingine. Sasa kulirudisha ni aibu, watu wote wameshakula mahari. Njia iliyobaki ni moja. Aliyelipokea alitoe kwa mikono yake mwenyewe, mbele ya wazee, ampe mdogo wake. Asipolitoa hakuna harusi.

Baba alinijia jikoni! Hajaingia jikoni tangu mama afe. Alisimama kwenye moshi akasema mwanangu, mama yangu, nisitiri. Miezi miwili iliyopita mimi nilikuwa jina la kufutwa tu. Leo ni mama yake.

Ningeweza kukataa. Lo, ningeweza kukaa kwenye kigoda hiki nikachambua maharage mpaka wote wapige magoti. Lakini kukataa ni kuwaokoa. Nikasema nitalitoa, baba. Alilia. Yale machozi nimeyatazama vizuri.

Ijumaa, 24 Septemba 1954

Nimelitoa.

Wazee walikaa sebuleni. Marita alipigishwa magoti mkekani, mimi nikasimama na jembe. Lina kutu ubavuni. Nikainama. Marita akanyoosha mikono, nikaona vidole vyake vimekunjika, havifunguki. Akainua uso. Akasema kwa sauti ya chini kabisa, mimi tu nilisikia:

"Dada, usinipe."

Nilidhani nimesikia vibaya. Akarudia. "Usinipe, dada. Nakuomba."

Babu Amoni akakohoa. Baba akasema haya, binti zangu. Nikalibana jembe kwenye viganja vyake mpaka akalishika. Vigelegele!

Baadaye nilimkuta kwenye vichanja anageuza kahawa iliyokwisha kukauka. Bila kunitazama akasema alimkataa Lusubilo mara ya kwanza, na mara ya pili baba alimfungia chumbani na kumwambia atamtoa shule na kumwoza kwa mgane wa Itaka mwenye mji wa watoto. Akasema hata angenieleza, nisingemsikiliza. Nikamwuliza kwa nini ananiambia leo. Akasema kwa sababu wewe ulikuwa umeshika jembe, dada. Wewe peke yako. Ungesema ni lako tu, mambo yangeishia pale.

Nimekasirika. Sijui nimkasirikie nani. Kwa miezi yote hii nimemchukia vizuri, bila shida, na sasa ananiharibia.

Jumapili, 26 Septemba 1954

Mara ya tatu na ya mwisho. Mwenye kizuizi aseme. Marita alikaa kando yangu, goti lake linagusa langu. Mchungaji alingoja kuliko siku nyingine.

Sikusema.

Jumatano, 29 Septemba 1954

Nilitaka kupanda leo kwenda Tunduma nimwambie Elizabeti arudi kwao. Nikafika mpaka kwenye lori. Ipyana, dereva, akaniuliza nakwenda wapi. Baba akapita na Lusubilo, wameshikana mikono, wanacheka, baba anamwita mwanangu wa kiume. Kisha Lusubilo akasema, shemeji, kanipigie pasi suruali.

Nikamwambia Ipyana hivi: Jumamosi, ukiwachukua watu wa shangazi, mchukue na yule mama mwenye mtoto. Ni ndugu yetu. Nikaenda nikapiga pasi.

Jumamosi, 2 Oktoba 1954, asubuhi

Naandika nimekaa kitandani, kando ya dirisha, Marita mbele ya kioo. Uani kuna watu kama gulio. Gramafoni inalia toka alfajiri. Lusubilo yuko chini ya turubai na suti yake ya kijivu, karani yuko naye, wanapigana mabega. Baba anazunguka na mnyororo wake.

Nimemfunga vifungo vyote. Amekonda, satini inacheza kiunoni. Ameniuliza kama mbele ya mchungaji mtu anaweza bado kusema sitaki. Nikamwambia nyamaza, utaharibu poda. Amegeukia kioo. Ningemwambia jambo lingine. Nilifungua mdomo kabisa.

Lori linapanda kilima. Honi. Vigelegele.

Limesimama. Shangazi Tabita ameshuka kwanza, hacheki. Sasa Elizabeti. Kitenge kile kile, mtoto mgongoni. Baba, mwenyeji mwema, amemshika mkono kumsaidia kushuka, anamletea kiti mwenyewe. Lusubilo bado kageukia upande wa pili, anabadilisha santuri.

Marita amekuja dirishani, kanishika bega.

"Dada, yule mwenye mtoto ni nani?"

Nimemwambia ni mgeni wangu.

"Wako? Mbona hukusema?" Amefurahi. Mara ya kwanza tangu mwezi wa saba naona meno yake. Anasema kama ni mgeni wangu basi lazima amsalimu yeye kwanza, kabla ya watu wote, asije akadhani bado tumenuniana. Amekunja gauni mkononi lisiguse sakafu. Hata viatu hajavaa. Ameshika kitasa. Nikimwita sasa atageuka, bado atanisikia, jina lake tu linatosha, na mimi nimekaa hapa naandika —