Nyota ya shati la baba

Krrr. Krrr. Nimeamshwa na sauti ya uzi ukikatwa chumba cha pili, nikajua. Shangazi anaifumua nyota yangu.

Ile ile niliyokutumia picha jana nikijisifu. Niliyoiunga kwa vipande vya shati la marehemu baba, ya katikati ya blanketi la viraka ninalomshonea mama.

Ndugu yangu, nimechoka hata aibu siioni vizuri.

Nilipoingia, hakuinua macho. "Malenga, ncha za nyota hii umezila?"

Nikatazama. Kweli, zote nane butu kama vidole ndani ya soksi. Nikajitetea, si unaujua mdomo wangu, eti ni kidogo tu, nani ataona.

"Na ubeti wako ukizidi mizani moja, huwa unasema nani atahesabu?"

Mizani moja. Ananiambia mimi, ninayewacheka watu kwa mizani moja.

Nikasema basi, shati ndilo hilo hilo, halina kipande kingine, nimeliharibu.

Akafungua mshono mmoja kwa wembe akanionyesha. Ncha ilikuwa humo ndani, nzima, haina hata mkwaruzo. "Hazijapotea. Mshono wako mpana mno, umezimeza. Bora hukutia mkasi."

Akaendelea kufumua, kila kipande akikilaza taratibu kwa kiganja. Nikakumbuka shati ni la kaka yake pia.

Nikamwambia, "Shangazi, nipe huo wembe. Nafumua mwenyewe, uzi mmoja mmoja, na nashona upya. Mama hatafunikwa na nyota butu."